Maiti Haiamki Mpaka Pazia Lifungwe

Fuu. Fuu. Moja, mbili. Moja, mbili. Halo.

Mpaka leo nikisikia mtu anapuliza kipaza sauti, iwe kwenye harusi, iwe kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, macho yangu yanatafuta mkeka wa kukaa. Ndivyo kilivyokuwa kinaanza kile kichekesho cha televisheni cha utotoni mwetu, Pazia Limekwama. Kabla picha haijatulia kwenye kioo unasikia kwanza pumzi za Bwana Tangazo, fuu, fuu, halafu ndiyo anajitokeza mwenyewe ndani ya suti ya Kaunda iliyombana tumbo, ameshika mwiko wa ugali uliozungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi ya sigara. Huo mwiko ndio ulikuwa maikrofoni yake. Kuna siku alijisahau akaukorogea chai, kisha akaendelea kutangaza huku unatoa mvuke.

Enzi hizo sie wa Tandika, ile mitaa ya nyuma ya soko, TV tulikuwa tunaifuata kwa Mama Rukia. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni watoto tunapanga foleni bombani kunawa miguu, maana Mama Rukia alikuwa na sheria moja tu kubwa: mguu wenye vumbi hauingii sebuleni kwake. Mkubwa anakaa kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, mtoto mkekani, na ukiingia unasema shikamoo kwa kila kochi, huruki hata moja. Mkononi una barafu yako ya ukwaju, umeitoboa kona kwa jino, unainyonya taratibu ili idumu mpaka mwisho wa kipindi. Rafiki yangu Pili yeye alikuwa anakuja na muhogo wa kukaanga ndani ya karatasi ya daftari, na ukila muhogo wake unakuta mgongoni umebaki wino wa hesabu za mtu.

Watoto wa siku hizi nawaonea huruma kidogo. Mtu anacheka peke yake, waya masikioni, mabega yanatikisika kama ana homa, ukimuuliza vipi anasema hamna kitu. Sie kicheko kilikuwa cha wote. Mama Rukia akicheka kochi lilikuwa linasogea.

Sasa kwa wadogo zangu ambao hamkukiona, niwaeleze. Zamani, kabla sie hatujazaliwa, kulikuwa na vikundi vya sanaa hapa Dar vilivyokuwa vinapiga onyesho kwenye kumbi za Temeke, Kinondoni, Magomeni, kila penye ukuta na jukwaa. Kiingilio kimoja, unapata vyote: ngoma, sarakasi, ngonjera, igizo, na taarabu juu yake. Na katika yale maigizo watu walikuwa wanaimba. Wakipendana wanaimba, wakiachana wanaimba, wakiibiwa wanaimba. Pazia Limekwama ilikuwa inayatania maonyesho hayo, lakini kwa upendo, kama unavyomtania babu yako na suruali yake ya bwaga. Polisi anamkamata mwizi kwa wimbo, mwizi anamsimamisha, anamwambia afande, umeshuka sauti, hebu tuanze tena. Wanaanza tena. Shahidi naye anaingia na kuitikia.

Tuliambukizwa mtaa mzima. Dukani tulikuwa tunaomba kibiriti kwa kuimba. Nyumbani nikamwimbia mama kwamba mboga haina chumvi, mama akanijibu bila kuinua kichwa, "Chumvi haiimbiwi, inainukiwa." Nikainuka.

Kipenzi changu alikuwa Bi Mauwa. Huyo ndiye mwimbaji mkuu, mama mnene mwenye sauti ya asali, na kila Jumapili kazi yake ilikuwa kufa. Igizo lolote lile, hata kama linahusu kilimo cha korosho, mwisho Bi Mauwa lazima afe, na hafi bila beti tano.

Nakufa nakufa sasa, mwiteni wangu mpenzi,
Lakini kabla sijafa, nionje huo mchuzi.

Akimaliza anaanguka, pwata. Mtu anapanda jukwaani kumtuza, maana ndiyo desturi, mwimbaji akikugusa moyo unamfuata na noti, unambandika usoni au unamtupia kanga begani. Basi marehemu anafungua jicho moja, anainuka, anapokea tuzo yake, anaitia kifuani, anakufa tena. Halafu Bwana Tangazo anasema kwa heshima zote, pazia. Pazia linakuja mpaka katikati, linakwama. Linavutwa, halitoki. Na Bi Mauwa pale chini, nusu yuko ndani nusu yuko nje, ubavu unapanda na kushuka, na ukumbi unavunjika mbavu. Kipindi kinaishia hapo. Kila Jumapili.

Kitu kilichokuwa kinanishangaza ni hiki. Sie watoto tulikuwa tunacheka, lakini wakubwa walikuwa wanacheka na machozi, na wakishamaliza kucheka wananyamaza wote kwa pamoja, kama waliotoka safari. Baba alikuwa anasema, "Ndivyo ilivyokuwaga, bwana," halafu haongezi neno. Mie nilikuwa mtoto wa maswali. Nilitaka kujua ilivyokuwaga ilikuwaje.

Na nilitaka kujua zaidi kuhusu Shangazi Mwanaidi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa anakaa kwetu, chumba cha uani, anauza vitumbua asubuhi. Mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi hata akiwa hana kitu kichwani. Jumapili tulikuwa tunakwenda naye kwa Mama Rukia, anakaa mwisho wa kochi karibu na mlango, anacheka vizuri tu kama wengine, tena anaitikia na nyimbo chini chini. Lakini Bwana Tangazo akishasema pazia, Shangazi anainuka. Hana haraka, hanuni. Anajifunga kanga vizuri, anatoka. Tukirudi nyumbani tunamkuta anachagua mchele.

Nilimuuliza mama. Mama akasema Shangazi alikuwa kwenye kikundi cha sanaa ujana wake, mwimbaji, watu walikuwa wanatoka mpaka Mabibo kumfuata. Nikahisi sakafu imeinuka. Shangazi wetu huyu wa chuma cha vitumbua? Nikauliza sasa kwa nini aliacha, na kwa nini anaondoka pazia likikwama. Mama akasema hajui, na kwamba kuna mambo ndugu wa baba yangu wameyafunika sufuriani, na mie nisiwe mtoto wa kufunua sufuria za watu.

Ungeniambia nisinywe maji ningeweza. Hilo sikuweza.

Nikajipangia akilini mwangu kitoto: Shangazi hanielezi kwa sababu ananiona mdogo. Akiniona naweza kufa jukwaani kama Bi Mauwa, atajua mie ni mwenzake, atanieleza. Likizo ya mwezi wa sita tukaandaa onyesho letu uani kwetu. Pazia lilikuwa kanga mbili za mama kwenye kamba ya nguo, Pili ndiye mvutaji. Bwana Tangazo alikuwa kaka yake Pili, amejaza mto tumboni. Kiingilio kilikuwa ni kuja na kigoda chako. Wakaja watoto, wakaja na wakubwa, Mama Rukia akaja na kochi dogo limebebwa na watu wawili. Na mbele kabisa, katikati, nikaweka kiti cha plastiki, nikamfuata Shangazi chumbani kwake nikamshika mkono mpaka pale nikamkalisha. Alikuwa anacheka. Aliniuliza kama atapewa na maji ya kunywa au hii ni heshima ya kiti tu.

Onyesho lilikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Niliimba beti zote tano. Nikaanguka, pwata, kiwiko kikachubuka na sikulia. Mama Rukia akaja akanibandika karatasi ya pipi kwenye paji la uso, nikafungua jicho moja, nikaipokea, nikafa tena, na uani hapakuwa na mtu mwenye mbavu nzima. Kaka yake Pili akasema pazia. Pili akavuta mpaka katikati, akaachia kama tulivyokubaliana. Watu wakalia kwa kicheko.

Mie nimelala, jicho moja limefumbuka uzi tu, naangalia kiti cha plastiki. Nikaona miguu ya Shangazi inasimama. Nikaona anajifunga kanga. Nikaona visigino vyake vinageuka.

Sijui niwaelezeje. Kila Jumapili nilikuwa namwona anaondoka, na haikuniuma, maana alikuwa anamwondokea Bi Mauwa. Siku hiyo alikuwa ananiondokea mie. Nikajua nimefanya kitu kibaya, na sijui ni kipi. Pili ananikonyeza kwamba nitulie, onyesho halijaisha, watu wanapiga makofi. Nikainuka. Nikapita katikati ya kanga, karatasi ya pipi usoni, nikakimbia, na nyuma yangu ndiyo kwanza kicheko kikapasuka, marehemu katoroka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye pipa lililopinduliwa. Nilipiga magoti nikaanza kusema nisamehe Shangazi, nisamehe, kama kasuku. Akanibandua ile karatasi taratibu.

"Maiti gani wewe unakimbia?"

Nikamwambia nimemwona anaondoka.

"Ukaona bora uharibu mchezo wa watu."

Nikasema ndiyo. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akajifuta macho na ncha ya kanga, kisha akasogea kidogo kwenye pipa, nikakaa. Na hapo ndipo aliponifunulia sufuria mwenyewe.

Alisema kikundi chao kilikuwa na igizo la msichana anayekufa akimsubiri mama yake, na msichana huyo alikuwa yeye. Bibi, yaani mama yake, mtu wa Kimbiji, alikuwa hataki kabisa habari za jukwaani. Mtoto wa watu wa dini anakatikaje mbele ya umma. Miaka mitatu Shangazi alimbembeleza aje aone mara moja tu, asikie maneno yenyewe, ajue si uhuni. Mwaka wa tatu Bibi akaja, amevaa baibui lake zuri, na Shangazi akamwekea kiti mbele kabisa, katikati. Nilipolisikia hilo nikaangalia chini.

Igizo lilikuwa linakwenda hivi: msichana anaimba beti zake, anaanguka, anakufa. Pazia linafungwa. Halafu kutoka nyuma ya pazia lililofungwa inasikika sauti ya marehemu inaimba ubeti wa mwisho, na huo ubeti ndio watu walikuwa wanaulipia. Na kikundini kulikuwa na amri moja isiyovunjwa, mwalimu wao alikuwa anawapiga nayo mazoezini kila siku: maiti haiamki wala haiimbi mpaka pazia lifungwe. Hata nge akikuuma. Mtazamaji akikuona umefumbua jicho, umemwibia kiingilio chake.

Usiku huo pazia likakwama. La kweli, siyo la kuigiza. Vijana wa sarakasi wakapanda kuvuta, kamba ikakatika. Watu wakaanza kucheka. Shangazi amelala pale mbele ya mama yake, hajitikisi, na ubeti uliokuwa wa mama yake umemkaa kooni. Kwa uzi wa jicho akaona baibui linainuka kwenye kiti cha mbele. Akaliona linageuka. Akaliona linatoka mlangoni.

"Sikuamka," akaniambia. "Nilishika amri. Nikasema nikishamaliza kufa nitamkimbilia. Nilipomaliza kufa hakuwepo, hata stendi hakuwepo."

Bibi alirudi Kimbiji bila kuaga. Shangazi hakumaliza mwaka kwenye kikundi. Walikuwa wanasalimiana, wanapelekeana mchele na nazi, wanauguzana, lakini habari ya usiku ule hakuna aliyewahi kuigusa. Miaka kumi na tisa. Shangazi alikuwa na uhakika kwamba mama yake aliona aibu, mtoto wake amechekwa na umma mzima.

Nikamuuliza mbona hukumuuliza. Akasema, "Mama haulizwi. Mama anasema akitaka." Halafu akaniamuru nirudi nikakunje mapazia ya mama yangu kabla hayajakanyagwa.

Sasa mie, kichwa changu kile cha darasa la tano, hakikulala. Kila nikifumba macho naona baibui linatoka mlangoni na nataka kuliona usoni. Likizo ile ile baba alikuwa na safari ya kwenda kumwona Bibi, nikalia mpaka akanichukua. Pantoni, halafu lori la mchanga, halafu miguu. Bibi alikuwa mzee tayari, lakini bado anapalilia mihogo yake mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kukunusa utosini kabla hajaitikia shikamoo. Baba alipokwenda ufukweni kutafuta samaki, Bibi akanipa mbuzi na nazi nikune, yeye anapepeta mchele. Nilikuna nazi yote nikitafuta njia ya kuanzia, na sikuipata, nikauliza tu hivyo hivyo. Bibi, siku ile ya Shangazi kufa ukumbini, uliondoka kwa nini?

Ungo ukasimama. Nikajua sasa nitakula fimbo.

"Nani kakutuma?"

Nikasema sijatumwa, najiuliza tu. Bibi akauweka ungo chini. Akaniuliza kama najua kwamba kabla ya Shangazi yeye alizika wawili. Nilikuwa sijui. Hata baba sidhani kama anawataja. Akasema wawili, mmoja wa siku arobaini, mmoja alishaanza kusema bibi, baba, maji.

"Nilijua ni mchezo," akasema. "Kichwa kilijua. Miguu ndiyo haikujua. Namwona mwanangu kalala, hajitikisi, na watu wanacheka. Nikasema nitoke nje, nivute pumzi, nirudi. Nilipotoka miguu haikurudi, mjukuu wangu, ikanipeleka mpaka huku."

Nikamuuliza na lile la aibu. Akashangaa kabisa. Aibu ya nini? Alisema beti alizozisikia aliziimba njia nzima, na mpaka sasa anaziimba shambani, ila hajui zinaishia wapi. Nikamwambia Shangazi anadhani mama yake alimwonea aibu. Bibi akaanza kuokota punje zilizomwagika, moja moja.

"Hakuniuliza," akasema mwishowe. Halafu, kama anayeagiza chumvi dukani, akaniambia nikifika nimwambie Mwanaidi aje ammalizie ule wimbo. Lakini auimbe amekaa kitako. Asilale.

Nilirudi Tandika na ujumbe huo mdomoni kama yai bichi. Nilipomfikishia Shangazi alikuwa anaosha chuma chake. Alikiosha kile chuma mara mbili, shimo kwa shimo. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: Bibi alisema hivyo huku akicheka, au amenuna? Nikasema alikuwa anaokota mchele. Akatikisa kichwa, akaelewa kitu ambacho mie sikukielewa.

Ijumaa asubuhi aliloweka mchele wa vitumbua vya kesho yake, akavaa, akasema anakwenda Kimbiji na kurudi, kabla ya Magharibi atakuwa amefika, mchele utamkuta. Kabla hajatoka mlangoni nikamuuliza huo ubeti wenyewe unasemaje. Alikuwa hajawahi kuutamka tangu aache kikundi. Akausema haraka haraka, bila sauti ya kuimba, kama mtu anayejaribu kama ufunguo bado unaingia:

Mlango msiufunge, mama yangu hajafika,
Akifika mwambieni, nimelala nimechoka.

Mnajua, juzi juzi nimeviona vipande vya Pazia Limekwama, kuna mtu kavitia mtandaoni. Niko saluni, namsuka mteja, simu nimeiegemeza kwenye kopo la mafuta. Chini yake vijana wameandika maoni. Mmoja anauliza hawa mbona wanaimba imba, si waseme tu. Mwingine kaandika kipindi kirefu sana, dakika ishirini nzima. Nikacheka mpaka mteja akanambia nimemvuta nywele. Vichekesho vya siku hizi ni vizuri, sisemi vibaya, tena vingine vinanimaliza kabisa, lakini vinakwisha kabla hujajua umecheka nini. Na mtu wa siku hizi akikuondokea unajua dakika hiyo hiyo, imeandikwa, fulani ameondoka kwenye kundi, saa na dakika. Na bado hatuulizi. Tunatuma kikatuni cha mtu anayeshangaa, tunaendelea na mazungumzo ya kitenge cha sare. Enzi zetu ilichukua miaka kumi na tisa, pantoni na lori la mchanga, na mtoto asiyejua adabu. Sisemi ilikuwa bora. Nasema tu kwamba mtu aliimba beti za mwanawe shambani miaka yote hiyo na sisi wenyewe hatukujua, na sasa najiuliza ni nani mwingine anaimba wapi.

Turudi Ijumaa ile. Magharibi ikafika, Shangazi hakufika. Isha ikapita. Baba akaanza kutembea mlangoni na kurudi, anasema pantoni labda, au lori limekwama kwenye mchanga. Simu Kimbiji wakati huo hakuna. Mama akautoa ule mchele majini usije ukachacha, akaupeleka mashineni, akachanganya na tui na iliki na hamira, akaufunika, Shangazi akirudi alfajiri aukute tayari. Akasema kukicha asiporudi baba amfuate, na wale wateja wa vitumbua kesho waambiwe hakuna. Wote walikuwa na wasiwasi. Mie peke yangu nilikuwa najua mahali alipo: amekaa kitako, na wimbo haujaisha. Nikaona wakimfuata asubuhi watamkatisha tena, na safari hii sijui itachukua miaka mingapi. Nikawaza kitoto, vitumbua vikiuzwa kama kawaida, hakuna atakayeona haja ya kumfuata.

Alfajiri, adhana inaadhiniwa, nilishuka kitandani nikatoka uani bila viatu. Sikuwahi kugusa chuma cha Shangazi, tulikuwa tumekatazwa. Nikawasha mkaa, nikapepea kwa mfuniko wa ndoo, nikatia mafuta tone tone kwenye kila shimo kama nilivyokuwa namwona. Chuma cha kwanza kiliungua chote. Nikavila mwenyewe, vyote saba, vya moto, ili asiamke mtu akaona ushahidi. Chuma cha pili vilitoka vyeupe, vimepinda, lakini vitumbua. Cha tatu vikawa na rangi. Kulipokucha, mteja wa kwanza alipobisha geti na bakuli lake, akauliza Mwanaidi yuko wapi, nilimwambia shikamoo, nikamwambia yupo ila ana kazi, leo nauza mie. Nikamhesabia vyake, nikafunika sufuria, nikakaa kwenye kigoda kumsubiri wa pili.